Nipe Mji: Maswali Matatu ya Kiangazi cha Marekani

Kitendawili cha kwetu kina adabu yake. Mwenye kutega husema "Kitendawili!", waliokaa huitikia "Tega!", naye hutega. Wakishindwa kutegua hawapewi jibu bure. Huambiwa, "Nipeni mji," nao huanza kumtajia: Mombasa, Lamu, Bagamoyo, Makka. Mwenye kutega anaweza kuukataa mji huu na ule mpaka apewe unaomridhisha. Kisha hueleza namna alivyoufikia na alivyopokelewa humo, na baada ya hayo yote ndipo atoe jibu. Tulipokuwa watoto tuliiona sehemu hii ya mji kuwa ni ucheleweshaji wa makusudi. Tulitaka jibu tu. Imenichukua umri mrefu kufahamu kwamba wazee hawakutaka jibu lije peke yake. Lilikuja pamoja na mahali, na safari, na malipo.

Nimeikumbuka adabu hiyo kwa sababu ya mchezo mwengine wa maswali, ulioenea duniani kote na usiodai mji kwa mtu: ule wa maarifa ya jumla, tunaouita chemsha bongo. Makala haya yanakusudia kuuhakiki mchezo huo kama tunavyohakiki utanzu wowote wa sanaa ya maneno, kwa kutazama maswali matatu yanayopendwa kuhusu utamaduni pendwa wa Marekani na likizo zake za kiangazi. Nimechagua Marekani kwa kuwa nyimbo na filamu zake zimefika hata kwa watu ambao hawajapata kuiona ramani yake. Na nimechagua kiangazi kwa kuwa humo ndimo Wamarekani walimohifadhi picha ya nafsi zao wanayoipenda zaidi.

Nikiri kwanza kwamba mimi si adui wa chemsha bongo. Mtu aliyejisomesha mwenyewe, ambaye hakupata kukalishwa mbele ya profesa yeyote, hujengeka kwa vipande: ukurasa wa gazeti uliofungiwa karanga, kitabu kisicho jalada, sauti ya redio inayokuja na kupotea usiku. Vipande hivyo ndivyo vilivyokuwa chuo changu, na anayevidharau ananidharau mimi. Lakini mtu wa namna yangu ndiye pia anayeijua hatari yake. Unaweza kukusanya majina elfu moja ukadhani umekusanya elimu.

Kwa Kiingereza mchezo huu huitwa trivia, neno lenye asili ya Kilatini ya mahali zikutanapo njia tatu. Yaani njia panda, ambapo kila mpita njia husikia habari za kila mtu. Mchezo wa ubao ulioupa umaarufu mkubwa, Trivial Pursuit, ulibuniwa mwaka 1979 mjini Montreal na Wakanada wawili, Chris Haney na Scott Abbott. Kabla yake, mwaka 1964, televisheni ya NBC ilianza kuonyesha Jeopardy!, mchezo wa Merv Griffin uliogeuza utaratibu: mshindani hupewa jibu, akatakiwa yeye atafute swali. Mgeuko huo ulizaliwa katika kivuli cha kashfa. Katika miaka ya 1950 ilidhihirika kwamba baadhi ya washindani wa televisheni walikuwa wakipewa majibu kwa siri, na mwaka 1959 mmoja wao, Charles Van Doren, alikiri hayo mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. Kama watu wamepewa majibu kwa kificho, basi na wapewe hadharani! Nami nitauazima utaratibu huo. Nitaanza na jibu ambalo kila mtu analo, kisha nilitafutie swali lake.

Kabla ya hayo, neno lenyewe. Kila mfasiri wa Kiswahili aliyekutana na kiangazi cha watu wa kaskazini anaijua taabu yake. Sisi watu wa visiwani tuna kaskazi yenye joto, tuna masika, tuna kipupwe, tuna vuli. Kuanzia Juni hadi Agosti, Marekani inapochemka, kwetu ni kipupwe, na wazee hujitanda shuka alfajiri. Nimeandika "kiangazi" katika tafsiri zangu kwa kufuata mazoea, na kila mara nimejua kwamba nimempa msomaji jua bila ya kumpa mambo yanayofanyika chini ya jua hilo. Maana kiangazi cha Kimarekani kimepita kuwa majira. Ni desturi yenye mipaka yake. Kwa mazoea hufunguliwa na sikukuu ya Memorial Day, Jumatatu ya mwisho ya Mei, hufikia kilele tarehe 4 Julai, na hufungwa na Labor Day, Jumatatu ya kwanza ya Septemba, ambayo ni sikukuu ya taifa ya wafanyakazi tangu mwaka 1894. Katikati ya mipaka hiyo skuli hufungwa kwa wiki kumi hivi. Lakini hakuna sheria ya shirikisho nchini humo inayomlazimisha mwajiri kumlipa mfanyakazi wake anapokuwa likizoni. Kiangazi ni cha wote katika nyimbo, na ni cha baadhi katika mikataba ya kazi. Kazi bora za sanaa zilizotungwa juu ya majira hayo zimelijua pengo hilo, au zimeliangukia bila kujua. Chemsha bongo hulifunika.

Swali la kwanza, basi. Ni wimbo gani wa The Beach Boys wa mwaka 1963 uliotumia lahani ya Chuck Berry? Jibu ni Surfin' U.S.A., na lahani ni ile ya Sweet Little Sixteen, ya mwaka 1958. Swali la nyongeza nalo hupendwa: katika kundi hilo lililoimba sana juu ya kuteleza kwa ubao mawimbini, nani aliyekuwa akiteleza kweli? Jibu ni Dennis Wilson, mpiga ngoma wao, ambaye mwaka 1983 alikufa maji.

Majibu yote mawili ni sahihi. Tukiutazama wimbo wenyewe, maudhui yake ni ndoto ya nchi nzima kuhamia ufukweni, na fani yake ni orodha. Fukwe hutajwa moja baada ya nyengine, nyingi za California, mithili ya utingo anayeita vituo. Ufundi umo katika sauti zilivyopangwa, zikapandana na kuachana bila kugongana. Ni vijana waliokuwa wakijua wanachokifanya. Lakini katika orodha ile limo jina la ghuba moja ya Hawaii, Waimea, nalo limepita haraka kama mengine. Msikilizaji asiye na habari atadhani Hawaii ilijifunza mchezo huu kutoka California, ilhali mambo yalikuwa kinyume. Mwaka 1907 George Freeth, kijana mwenye asili ya Hawaii, alikuwa akiwaonyesha watu wa Redondo Beach namna ya kusimama juu ya wimbi, kwa kuajiriwa na tajiri wa reli, Henry Huntington, aliyetaka watu wapande treni zake kwenda pwani. Baada yake akaja Duke Kahanamoku, mzaliwa wa Honolulu, bingwa wa Olimpiki wa kuogelea mwaka 1912 na tena mwaka 1920, aliyeupeleka mchezo huo mpaka Australia.

Kahanamoku alizaliwa mwaka 1890, nchi yake ikiwa ufalme. Mwaka 1893 Malkia Liliʻuokalani alipinduliwa na kikundi cha wafanyabiashara na wenye mashamba, askari wa manowari ya Marekani wakiwa wameteremshwa nchi kavu. Mwaka 1898 visiwa vikaunganishwa na Marekani. Mwaka 1959 vikafanywa jimbo, miaka minne tu kabla ya wimbo wetu. Malkia huyo alikuwa mtunzi wa nyimbo. Zaidi ya hayo, na hili ndilo lililonifanya niweke kalamu chini nilipolisoma mara ya kwanza, alikuwa mfasiri. Mwaka 1895, akiwa amefungwa katika chumba cha kasri lake mwenyewe, aliishughulikia Kumulipo, utenzi wa Kihawaii wa asili ya viumbe na ya ukoo wa wafalme, wenye mistari zaidi ya 2,000. Na mwaka 1897, nchi yake ikijadiliwa Washington kama shamba linalouzwa, tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka mjini Boston. Mfasiri aliyenyang'anywa kiti alikuwa akiwathibitishia wanyang'anyi, kwa lugha yao, kwamba watu wake walikuwa na nasaba na historia kabla meli ya kwanza ya wageni haijatia nanga.

Sisemi kwamba vijana wa California walipaswa kuyaimba hayo. Nasema kwamba neno Waimea katika wimbo wao ni mlango uliofungwa, na swali la chemsha bongo hutupitisha mbele ya mlango huo tukiulizana nani alimwibia nani lahani.

Swali la pili: papa wa bandia aliyetumika katika filamu ya Jaws alipewa jina gani na watengenezaji? Kila mtu hujibu: Bruce, jina la wakili wa mwongozaji, Steven Spielberg. Filamu hiyo ilitoka tarehe 20 Juni 1975, nayo ndiyo iliyowafundisha wenye biashara ya sinema kwamba kiangazi ni wakati wa mavuno. Kabla ya hapo ilidhaniwa watu wakiwa likizo hawana haja ya kujifungia gizani. Hilo nalo ni swali la chemsha bongo, na jibu lake hulipiwa pointi.

Sasa tuiangalie filamu. Papa aliharibika mara kwa mara kwa maji ya chumvi, na upigaji picha uliopangiwa siku 55 ukachukua siku 159. Kwa kukosa papa, mwongozaji alilazimika kutuonyesha kisiwa. Ndiyo maana kwa muda mrefu mnyama haonekani, na kinachoonekana ni hofu ya mji unaoishi kwa msimu mmoja. Meya hataki fukwe zifungwe kabla ya tarehe 4 Julai. Mtazamaji wa haraka humwona meya kuwa ni mtu mwovu. Lakini mwandishi wa filamu amempa hoja ambayo kila mkaazi wa kisiwa cha watalii anaijua: wageni wasipokuja mwezi huu, mji hautakuwa na chakula majira ya baridi. Maudhui ya Jaws yamo hapo. Papa anakula watu wachache. Msimu unaula mji mzima kila mwaka, na mji unaushukuru.

Kuna tukio moja ninalolihesabu kuwa kilele cha filamu hiyo, ingawa halina damu. Mama aliyefiwa na mwanawe, akiwa amevaa nguo nyeusi, anamwendea mkuu wa polisi mbele za watu na kumpiga kofi. Hamgusi meya aliyesimama pale pale. Kofi limemwangukia mwenye aibu. Asiye na aibu limempita. Aliyemwigiza mama huyo, Lee Fierro, alikuwa mkaazi wa kisiwa kile, akifundisha uigizaji huko, na alifariki mwaka 2020. Wakaazi wengi wengine wanaonekana katika filamu, wakilipwa kuigiza kuwa wao wenyewe.

Kisiwa hicho kwenye filamu kinaitwa Amity. Kwa kweli ni Martha's Vineyard, katika jimbo la Massachusetts, nacho kina miji isiyotajwa na papa. Upande wa magharibi uko Aquinnah, mji wa Wawampanoag, wenyeji wa asili, ambao serikali ya Marekani iliwatambua rasmi mwaka 1987. Upande wa pili uko Oak Bluffs, ambako Wamarekani weusi wamekuwa wakipumzika kwa vizazi kadhaa, kwa kuwa palikuwa na fukwe na nyumba nyingi za wageni nchini mwao ambamo hawakuruhusiwa kuingia. Nyumba ya wageni ya Shearer ilianza kuwapokea mwaka 1912. Mwandishi Dorothy West aliishi huko, na riwaya yake The Wedding, ya mwaka 1995, inawasawiri matajiri weusi wa kisiwani humo bila ya kuwabembeleza. Katika Amity ya filamu watu hawa hawana nafasi. Na wapo wengine wasio na nafasi hata katika mji wa kweli: wafanyakazi wanaokodi nyumba majira ya baridi na kutakiwa kuzihama kiangazi kinapofika, ili mwenye nyumba aipangishe kwa wageni kwa wiki. Mwalimu, fundi na muuguzi huhamisha mizigo yao Juni na kuirudisha Septemba. Ningependa kumwona mtu akipewa pointi kwa kulijua hilo.

Swali la tatu ndilo gumu kwangu, kwa sababu naupenda mno wimbo wake. Nani alitunga Summertime? Jibu linalokubaliwa ni George Gershwin, katika opera ya Porgy and Bess, mwaka 1935. Mwenye kujua zaidi ataongeza kwamba maneno ni ya DuBose Heyward, mzaliwa wa Charleston, South Carolina, aliyeandika riwaya ya Porgy mwaka 1925. Kisha orodha ya waliouimba: Billie Holiday mwaka 1936, Ella Fitzgerald na Louis Armstrong, Janis Joplin mwaka 1968. Orodha hii haina mwisho, na wimbo huo umekuwa kielelezo cha starehe ya kiangazi: hupigwa mahotelini, huwekwa katika matangazo, hata kwetu huusikia ukitoka katika baa za pwani jioni.

Lakini ni wimbo wa aina gani? Ni bembezi. Mama kijana, Clara, mke wa mvuvi, anambembeleza mtoto mchanga katika ua wa mafukara. Anamhakikishia wepesi na neema ambazo yeye mwenyewe hajapata kuziona, na anamwahidi kwamba wazazi wake watakuwapo. Kabla opera haijaisha tufani linamchukua baba baharini, na mama anayemkimbilia anapotea naye. Bembezi ile huimbwa tena, na safari hii anayeimba ni Bess, mwanamke asiyekuwa mama yake, kwa mtoto aliyekwisha kuwa yatima. Kila ahadi ya wimbo ni ya uongo, na mtunzi alijua. Hapo ndipo uzuri wake ulipo: umetungwa kwa lahani ya huzuni juu ya maneno ya furaha, na masikio yanaamini lahani. Anayeupiga hotelini kama wimbo wa starehe ameyasikia maneno, hakuisikia lahani.

Gershwin aliipata wapi sauti hiyo? Hapa ndipo likizo na wimbo vinapokutana. Katika kiangazi cha mwaka 1934 alikwenda kukaa Folly Beach, kisiwa kilicho karibu na Charleston, akavuka mara kwa mara kwenda kisiwa jirani cha James kuwasikiliza Wagullah wakiimba na kusali. Wagullah ni wazao wa Waafrika waliotumikishwa katika mashamba ya mpunga na pamba ya visiwa hivyo. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani wengi walibaki visiwani, mbali na bara, na kwa kubaki huko walihifadhi lugha yao, ambayo mabwana waliiita Kiingereza kibovu. Mtaalamu Mweusi, Lorenzo Dow Turner, aliwarekodi kwa miaka mingi, na kitabu chake cha mwaka 1949 kilithibitisha kwamba lugha hiyo imejaa maneno na majina ya Kiafrika, yakiwemo ya lugha za Kibantu za Kongo. Msomaji wa Kiswahili akiyapitia hatajihisi mgeni kabisa.

Basi nani alitunga Summertime? Gershwin ndiye, na mimi si mmoja wa wanaomwita mwizi. Noti zile ni kazi yake. Ila swali lenyewe limekaa vibaya. Lingekaa vyema kama lingeuliza: waliosikilizwa walikuwa wapi wimbo ulipofika jukwaani? Porgy and Bess haikuonyeshwa Charleston, mji inaouhadithia, mpaka mwaka 1970, kwa sababu sheria na desturi za ubaguzi hazikuruhusu waigizaji weusi na hadhira iliyochanganyika kuwa pamoja chini ya paa moja. Na mji huo huo ndiko watu walioachwa huru, wakiwa wamekwisha kuyazika upya kwa heshima maiti za askari wa Muungano waliokufa kifungoni katika uwanja wa mbio za farasi, walikokusanyika tarehe 1 Mei 1865, wakaandamana kwa nyimbo na maua. Ni mojawapo ya maadhimisho ya mwanzo kabisa ya siku iliyokuja kuitwa Memorial Day. Kila mwaka, basi, Mmarekani anapowasha mkaa wa kuchomea nyama na kusema kiangazi kimeanza, anasimama juu ya kaburi lililochimbwa na watumwa wa jana. Chemsha bongo inamuuliza tarehe, naye anaijua.

Visiwa navyo vilifuatia. Mwaka 1956 daraja liliunganisha kisiwa cha Hilton Head na bara, na mashamba yakageuzwa viwanja vya gofu na nyumba za mapumziko. Mengi ya maeneo hayo yenye geti na mlinzi yaliitwa kwa neno lile lile la Kiingereza lililotumiwa kwa mashamba ya watumwa. Ardhi ya Wagullah kwa kawaida ilirithiwa bila hati ya wasia, ikabaki mali ya warithi wote kwa pamoja. Sheria ilimruhusu mrithi mmoja, hata aliyezaliwa mji wa mbali na hajapata kuikanyaga, kuuza fungu lake, na mnunuzi wa fungu hilo kuiomba mahakama iuze ardhi nzima. Kodi nayo ilipanda kwa kadiri majirani walivyojenga mahoteli. Hivyo makaburi ya wazee yakabakia ndani ya mageti, na wajukuu huomba ruhusa kuyazuru. Mwaka 2006 Bunge la Marekani lilitangaza ukanda wa urithi wa Wagullah na Wageechee. Ni jambo jema, ingawa urithi hutangazwa aghalabu baada ya mali kuondoka.

Visiwa vitatu, kwa maswali matatu. Sikuvitafuta, nilifuata majibu tu, na kila jibu likanishusha kwenye kisiwa. Nadhani sababu yake ni nyepesi. Likizo inahitaji mahali ambapo mgeni hana kazi wala deni, na kisiwa humpa mgeni hisia kwamba amevuka maji akayaacha yote ng'ambo. Mwenyeji ndiye anayebaki na kazi na deni. Utamaduni pendwa huimba kwa mdomo wa anayevuka, na chemsha bongo huhifadhi jina la mwimbaji.

Nitaambiwa kwamba ninautwika mchezo mzigo usio wake. Watu wamekaa jioni wakicheka, nami nawaletea makaburi. Hoja hii ina uzito, na sitaki kuipuuza. Kicheko ni haki ya mwenye kuchoka. Lakini nakumbusha kwamba kitendawili chetu nacho kilikuwa mchezo wa jioni, wa watoto, wenye kicheko kingi, na hakikuona tabu kudai mji. Filamu ya Julie Dash, Daughters of the Dust, ya mwaka 1991, inathibitisha kwamba sanaa inaweza kubeba vyote viwili. Ni ukoo wa Kigullah mwaka 1902, umekutana ufukweni kwa mlo wa pamoja kabla ya wengine kuhamia kaskazini. Wanavaa nyeupe, wanapika, wanapiga picha, watoto wanacheza mchangani. Yote yanayotakiwa katika picha ya kiangazi yamo. Tafauti ni kwamba kamera imekaa upande wa wenyeji, na bahari inayoonekana nyuma yao ni ile waliyoletwa nayo.

Nalisema hili kwa ajili yetu khasa, sisi tunaoandika visiwani. Kiangazi cha kaskazini hutufikia kila Julai kama msimu wa wageni, katikati ya kipupwe chetu, kwa sababu skuli zao zimefungwa. Hakuna ubaya, wengi wetu tunakula humo. Lakini nimesoma mashairi mengi ya vijana wetu ya kusifu fukwe, vina vimekaa, mizani imetimia, na katika beti kumi hamna mtu hata mmoja. Mchanga ni mweupe, maji ni ya samawati, mnazi umeinama. Mwanamke anayerudi na mwani kichwani hayumo. Mwenye ngarawa hayumo. Shairi la namna hiyo lingeweza kutungwa na mtu aliyeteremka jana uwanja wa ndege, na tofauti na The Beach Boys, sisi hatuna udhuru wa kutokuijua Waimea. Tunakaa humo. Mshairi wa kisiwa anayeandika pwani tupu amekwisha kuutoa mji kabla hajaulizwa kitendawili.

Barazani kwetu nimeanza kuyauliza maswali haya kwa utaratibu wa zamani. Atakayeshindwa, atoe mji. Juzi niliuliza la Summertime, na kijana mmoja mwenye kumbukumbu kali akanitajia Gershwin, akanitajia Heyward, akanitajia mwaka. Nikamuuliza mtoto aliyebembelezwa alipatwa na nini. Hakujua.

"Basi nipe mji," nikasema.

Akafikiri kidogo, akacheka, akanipa Charleston. Nikamwambia huo nimeukataa, si wake wa kuutoa, anipe mwengine.